Mchungwa Uliozama

Katika mji wetu wa Dodoma maji ni kitu cha kuhesabiwa. Wastani wa mvua kwa mwaka ni chini ya milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi saba inayobaki mbingu hufungwa, na upepo huingiza vumbi jekundu mpaka ndani ya kabati. Maji mengi ya bomba hutoka katika visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Hapa Makole ni vigumu kukuta nyumba isiyo na madumu, ndoo na pipa la akiba. Mtoto angali mdogo hufundishwa kwamba maji yaliyooshea mchele hayamwagwi ovyo, yana kazi nyingine.

Watu waliolelewa katika hali hiyo huwa na hukumu moja tu kwa kila mti unaonyauka: una kiu. Mara nyingi hukumu hiyo ni ya haki. Tangu kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani ilipozinduliwa Desemba 2017, miche mingi imepandwa viwanjani na kando ya barabara, na sote tumepata kuona mche uliokauka kiangazi kwa kukosa mtu wa kuutilia kopo moja la maji. Lakini iko njia nyingine ya kufa kwa mti, nayo ni ngumu zaidi kuitambua, kwa sababu dalili zake ni zile zile za kiu. Niliishuhudia ikianza uani kwetu, na nimeona vema niieleze, kwa kuwa ndani yake lilikuwamo jambo kubwa kuliko mti.

Mti wenyewe ulikuwa mchungwa, nao haukuwa wa Dodoma. Ulitoka Muheza, mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara Mashariki, ambako machungwa ni zao la watu kama zabibu zilivyo kwa wenzetu wa Bihawana na Hombolo. Mwenye mti alikuwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Mumewe alikuwa mkulima wa machungwa na fundi wa kubebesha miche. Alikuwa akichukua jicho kutoka katika mchungwa wa Valencia aliouamini, akalipachika chini ya gome la mche wa mlimau, akalifunga kwa ukanda wa nailoni, na baada ya majuma machache jicho lilichipua. Chini mlimau, juu mchungwa. Mizizi ya mmoja na matunda ya mwingine.

Mzee huyo alifariki mwaka 2020. Shamba liligawanywa kwa warithi, kila mmoja akauza haki yake, na mnunuzi akaanza kung'oa michungwa ya zamani. Shangazi hakujaliwa kupata mtoto. Kikao cha ukoo kikakubaliana kwamba aje kukaa kwetu Makole, naye akaja Mei 2021, akiwa na masanduku mawili na mche mmoja. Ulikuwa wa mwisho kubebeshwa kwa mikono ya mumewe. Mingine yote ilikuwa imeuzwa au imekufa.

Kutoka Muheza mpaka Dodoma kwa basi, kupitia Segera, Chalinze na Morogoro, ni safari ya kutwa nzima. Kondakta hakutaka ndoo inayochuruzisha tope kwenye mizigo ya watu. Kwa hiyo shangazi aliutoa mche katika ndoo kuukuu yenye matundu, akauhamishia katika ndoo mpya ya lita 20, nzima, isiyo na tundu hata moja chini. Ilifika salama bila kumwaga tone. Jambo hilo dogo ndilo chanzo cha habari hii yote.

Shangazi alifika akiiogopa nchi hii. Kwao Muheza hunyesha zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, masika na vuli. Alipoiona ardhi ilivyokauka kuanzia Gairo, alituambia, "Wanangu, huku hata mbuzi wanakula vumbi. Mti wa watu utanifia mikononi." Basi akaushika mti ule kama mtu amshikavyo mgonjwa. Aliunywesha asubuhi baada ya swala ya alfajiri, akaunywesha tena jioni. Siku za mgao, alipopewa ndoo yake ya kuogea, alioga kwa nusu, na nusu akaiacha kwa ajili ya mchungwa. Watoto wote walijua kwamba kopo la bluu lililokaa barazani halichezewi.

Na sisi watu wa nyumbani, kwa heshima tunayompa mzee na mfiwa, hatukuwa tukimwachia mkono utupu wake ufanye kazi yoyote. Ndivyo tulivyofunzwa sote. Akishika ufagio, mtoto huupokea. Akisogea jikoni, huwekewa kiti. "Pumzika, shangazi." Kwa hiyo kazi yake katika Makole ilikuwa moja tu, na mapenzi yote ambayo kwa miaka arobaini yalikuwa yakienda kwa mume, kwa shamba na kwa majirani, sasa yalipita katika kopo lile la bluu.

Mwezi Agosti majani yakaanza kugeuka manjano, kwanza kwenye mshipa wa kati, kisha jani zima. Baadaye yakawa yanalegea mchana, yakaning'inia kama masikio ya mbwa mgonjwa. Shangazi alipoona hivyo akaongeza kopo la tatu, la adhuhuri. Kadiri alivyoongeza ndivyo yalivyolegea, na kadiri yalivyolegea ndivyo alivyoongeza.

Msomaji asiyelima anaweza kuuliza: mti uliojaa maji unawezaje kunyauka kwa kiu? Jibu ni kwamba mizizi inapumua. Udongo mzuri si kitu kigumu kitupu. Kati ya chembe na chembe kuna nafasi, na katika nafasi hizo hukaa hewa. Maji yakimwagwa huzijaza, kisha hushuka chini, na hewa hurudi nyuma yake. Lakini ndoo ikiwa haina tundu, maji hayana pa kushukia. Oksijeni hupenya katika maji polepole mno, kama mara 10,000 polepole kuliko katika hewa, na ile kidogo iliyokuwamo humalizwa upesi na mizizi pamoja na viumbe wa udongoni. Mzizi uliokosa pumzi hauwezi tena kufanya kazi ya kupandisha maji. Hivyo mti hukaa katikati ya maji huku majani yake yakikauka. Jani hupeleka habari ya kweli, kwamba maji hayanifikii. Ila mwenye kopo huisikia vingine.

Baada ya hapo huja adui wa pili. Yuko kiumbe mdogo wa udongoni, jamii ya ukungu wa majini, ambaye mbegu zake zina mikia na huogelea. Mwaka 1876 mtaalamu wa Kijerumani Anton de Bary aliipa jamii yake jina la Phytophthora, maneno ya Kigiriki yenye maana ya mharibifu wa mimea. Udongo ukiwa na unyevu wa kiasi hana njia ya kusafiri. Ukigeuka bwawa, njia zote ni zake. Katika miaka ya 1830 ugonjwa wa kuoza mashina na mizizi uliteketeza michungwa katika visiwa vya Azores, huko Atlantiki, kisha ukaenea katika nchi nyingine za machungwa. Ndipo wakulima wengi wakaanza kubebesha machungwa juu ya mdanzi, ambao unastahimili ugonjwa huo vizuri zaidi. Mlimau unapendwa kwa sifa nyingine: mizizi yake huenda mbali na huvumilia ukame. Lakini kwa maji yaliyotuama ni dhaifu. Mti wa shangazi, basi, ulikuwa umewekewa mizizi ya kuishi hasa katika nchi kama Dodoma, nao ulikuwa ukifa kwa kuonewa huruma na Dodoma.

Niligundua siku niliposogeza ndoo ili kufagia baraza. Ilikuwa nzito kupita kiasi, na ilipoinama ikatoa harufu ya kinamasi. Nilimwendea jirani yetu, mzee wa Kigogo mwenye shamba la zabibu, nikamweleza. Tatizo langu halikuwa mti. Kuuhamisha mti ni kazi ya jioni moja. Tatizo lilikuwa ulimi. Mtu aliyejinyima maji ya kuoga ili mti uishi, utamwambiaje kwamba maji hayo hayo ndiyo yanayouozesha? Na ule haukuwa mti wa dukani, unaosema tutanunua mwingine.

Mzee yule alifikiri kidogo, akasema, "Usimwambie. Mwonyeshe mizizi. Mke wa mkulima hahitaji kusomewa."

Jioni ya kesho yake nikamwomba. "Shangazi, ndoo imeubana mti. Tunaomba tuuhamishie ardhini." Aliitazama ardhi ya ua wetu, nyekundu na ngumu kama tofali, akauliza, "Ardhi hii?" Lakini hakukataa. Jirani alikuja na mtaimbo wake. Tukailaza ndoo ubavuni, tukaigonga pande zote, tukauvuta mti kwa shina. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai, na harufu ikatufanya sote tugeuze uso. Mizizi ya chini ilikuwa ya kahawia, laini. Ukiivuta kwa vidole, gome lilivuka kama soksi, ukabaki uzi.

Jirani akasema neno moja kwa Kigogo: "Idodomya."

Sisi wakaaji wa hapa tunalijua neno hilo, maana ndilo lililozaa jina la mji. Inasimuliwa kwamba zamani tembo alishuka kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akazama kwenye tope asiweze kutoka. Watu walipomwona wakasema "Idodomya", yaani amezama. Wengine husimulia vingine: kwamba Wagogo walitwaa ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala, kisha wakachomeka mikia kwenye kinamasi, na wenyewe walipokuja wakaonyeshwa mikia ile wakaambiwa ng'ombe wenu wamezama. Sina haja ya kuamua ipi ni kweli. Ninachokiona ni kwamba mji maarufu kwa ukame umepewa jina na tope. Tembo wa hadithi hakufa kwa kiu. Alikuwa amefika kwenye maji.

Shangazi hakusema kitu kwa muda. Alichuchumaa, akachukua mzizi mmoja, akaunusa, akaukwaruza kwa ukucha. Kisha akanyosha mkono bila kututazama. "Nipeni kisu." Alipopewa akaanza kuchambua. Uliooza aliukata mpaka mahali penye weupe. Ulio mgumu aliuacha. Alifanya hivyo mzizi kwa mzizi, kama mama achanavyo nywele za mtoto, na mikono yake ilikuwa na uhakika ambao hatukuwa tumeuona tangu aje. Alipomaliza, zaidi ya nusu ya mizizi ilikuwa chini. Akageukia juu, akapunguza matawi karibu kwa kiasi kile kile. "Mizizi michache haiwezi kulisha majani mengi," alisema. "Mzee alikuwa akisema mlimau hauogopi jua, unaogopa bwawa."

Mwanangu wa kiume alikuwa amekwisha kunyanyua jembe achimbe. Shangazi akamshika mkono. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nina miezi minne hapa. Lete."

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyeamrisha na sisi tukatii. Shimo lilichimbwa pana kuliko kina. Chini, kiasi cha mkono kutoka kiwiko, tulikuta tabaka gumu ambalo jembe lililigonga likarudi. Jirani akalivunja kwa mtaimbo. Shangazi akamimina ndoo ya maji shimoni akakaa kando kuyatazama. Kwanza yalisimama. Akaagiza mtaimbo ushuke tena, mpaka yakaanza kunywewa na ardhi, na baada ya muda wa kupika chai na kuinywa shimo lilikuwa tupu. "Sasa hii ni nyumba," alisema. "Ile ilikuwa sufuria."

Hakuweka samadi shimoni, kwa kuwa mizizi yenye vidonda haitaki kitu kikali. Alirudisha udongo ule ule uliotoka. Mti aliusimamisha juu kidogo ya usawa wa ardhi, kwenye tuta dogo, ili maji yasikae shingoni mwake, na pale jicho lilipobebeshwa pakaachwa wazi juu kabisa. Birika la kumwagilia lilichorwa kama pete, mbali na shina. Nyasi kavu zikatandazwa, nazo pia zisiguse shina. Magunia mawili yakafungwa kwenye miti upande wa magharibi, kuukinga na jua la Septemba na upepo wake. Ukamwagiliwa mara moja, udongo ushikamane na mizizi. Kisha akaliweka kopo la bluu juu ya dirisha, akasema lisiguswe na mtu, hata yeye.

Usiku, tulipokuwa tumekaa, alisema peke yake, kama mtu anayejibu swali ambalo hakuulizwa: "Kumbe sikuwa naunywesha. Nilikuwa naulilia." Hakuna aliyeongeza neno, na sidhani kama palikuwa na neno la kuongeza.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu. Mti uliangusha karibu majani yote yaliyobaki. Kila asubuhi shangazi alitoka, akachimba kidogo kwa kidole mpaka kifundo cha pili, akakitazama. Kidole kikitoka na udongo wenye ubaridi na unaonata, alirudi ndani. Kikitoka kikavu, ndipo aliposhusha kopo. Nilimwona siku fulani akisimama mbele ya mti ulio uchi, kopo mkononi, kisha akalirudisha dirishani likiwa limejaa. Nadhani ilikuwa kazi nzito kuliko kuchimba shimo. Kutoa kumezoeleka kuwa ndio upendo. Kujizuia kutoa, hakuna anayekuona.

Oktoba ilipokuwa ukingoni, vitundu vya kijani vikaonekana kwenye tawi moja, kisha kwenye jingine. Mvua za Desemba zilipokuja, za kishindo kama zilivyo zetu, maji yalijaa kwenye pete, yakazama, yakaenda zake. Mti ukapata kwa siku moja maji mengi kuliko yale ya kopo kwa wiki nzima, na haukudhurika.

Hapo ndipo fikira zangu zinaporudi mara kwa mara. Muheza hunyesha mvua karibu mara mbili ya yetu, na michungwa haizami, kwa kuwa iko ardhini na maji yana pa kwenda. Kwa hiyo si kweli kusema tu kwamba mti ule ulipewa kingi mno. Ulipewa katika chombo kilichofungwa. Nimeona wazazi wakimmiminia mtoto mmoja fedha, mawaidha na hofu, naye hana pa kuvipeleka, maana hakuachiwa hata kosa dogo la kwake mwenyewe. Nimeona wafiwa wakizungukwa na faraja mchana kutwa, wamekatazwa kufua hata kanga zao. Wote wanaotenda hayo wana nia safi. Na yule anayetendewa akianza kunyauka, nia ile ile safi humwongezea kopo la tatu.

Tangu siku ya jembe, shangazi hakuombwa tena kupumzika. Ana tuta lake la mchicha, na msimu wa kupogoa zabibu huenda na mke wa jirani shambani, ambako hulipwa kwa siku kama wengine. Huamkia watu kwa "Mbukwenyi" kabla hawajamwamkia, na huzungumza Kigogo cha kuchekesha bila haya. Bado humtaja mumewe, ila sasa ana watu wa kumtaja kwao.

Mchungwa ulitoa maua mwaka 2023. Aliyapukutisha yote, akisema bado una deni la mizizi. Julai 2024 ulibeba machungwa kumi na moja. Watoto waliona ajabu moja: machungwa ya Muheza huiva yakiwa na kijani bado, lakini haya ya kwetu yaligeuka rangi, manjano ya kuelekea wekundu. Shangazi alidhani jicho limebadilika. Nikamweleza kwamba ni baridi ya usiku, ambayo pwani hawaipati. Jicho ni lile lile la mzee, hewa tu ndiyo ya Makole. Alilimenya moja, akagawa vipande kwa kila aliyekuwapo, na kimoja akampelekea jirani mwenye mtaimbo.

Jirani huyo ana miche ya mipapai kwenye ndoo za plastiki ukutani kwake. Juzi nilimkuta shangazi amechuchumaa kwenye ua wake na msumari uliopashwa moto, anaitoboa chini moja baada ya nyingine.